Kofia ya Lenzi na Nuru ya Bibi Mwanne

Jabe, Bujumbura
12 Mei 2024

Kwa mujukuu wangu Ilias, mume wangu mudogo uliyenikimbia,

Asalaam alaikum. Mi niko muzima. Magoti yanalalamika, lakini yalianza kulalamika kabla baba yako hajazaliwa, nimeshayazoea. Dada yako Hayat anakusalimia. Wakwe zake wamekuja kujitambulisha, wamekunywa chai sufuria mbili na wamemaliza vitumbua vyangu vya kuuza, kwa hiyo naona ni watu wenye afya. Ndoa itakuwa mwezi wa tisa. Spès wa mulango wa pili anauliza kama huko Kigoma wanajua kukaanga ndagala, wale dagaa wetu wa ziwa. Kuku yule mwekundu hajambo. Saliha naye hajambo.

We je, unakula? Tangu uende kujifunza hiyo kazi ya kupiga foto umeniandikia mara moja, mistari minne, na mumoja ulikuwa jina lako. Usinitajie simu. Simu ukiikata hakuna kinachobaki mukononi. Na ile yangu ilianguka kwenye unga wa vitumbua, tangu siku ile inaita tu, haisemi.

Sasa tuongee. Gaspard wa lori amenifikishia ile foto uliyonipiga jioni ya kuniaga, mi nimekaa kwenye kigoda mu lupango, uani kwetu, jua linashuka nyuma yangu kwenda Kongo. Nilipoifungua nilitaka kukulaani. Kigoda kinaonekana. Kuku anaonekana, hata jicho lake. Mimi kutoka kifuani kwenda juu ni wingu. Duara jeupe limekaa kichwani, na vitone vya rangi vinashuka mpaka gotini kama tasbihi. Nikasema mutoto huyu nimemulea kwa uji wa mutama, leo amenifuta uso.

Halafu Spès akaingia kuomba chumvi. Akaiona, akaisahau chumvi. Akasema kwenye kalenda ya kanisani kwao, watu wenye duara la namna hii kichwani si watu wadogo. Akaenda akaleta wengine. Wanawake wa darsa ya musikitini kwetu wakasema apana, mambo ya kalenda sisi hatuna, hii ni nuru ya swala ya alfajiri, Mwanne hakosi alfajiri. Nilikaa tu na unyenyekevu wangu, nikawaacha waseme.

Saliha peke yake hakusifu. Unajua tumeshirikiana ukuta tangu tulipokuwa mabibi harusi, mi na yeye. Aliiangalia foto kwa muda mrefu, halafu akasema chai haina sukari.

Foto nimeitundika ku ukuta pale palipokuwa saa. Nitumie nyingine kubwa zaidi, yenye kioo. Mukono wa kazi unao, nilikuwa sijui.

Bibi yako anayekuombea, na fimbo iko karibu,
Mwanne


Kigoma
2 Juni 2024

Kwa bibi yangu kipenzi,

Wa alaikum salaam. Shikamoo. Niko salama, nakula, nalala, na ndagala wanajua kukaanga ila wanaweka limao jingi mno, mwambie mama Spès. Nimefurahi sana kwa Hayat. Mwambie nitakuja kumpiga picha za harusi mimi mwenyewe, asitafute mtu mwingine. Gaspard amechelewa na barua yako kwa sababu ya mafuta, alikaa kwenye foleni ya kituo mpaka akapata marafiki wapya.

Bibi, mvua huko imepungua? Na magoti, ile dawa ya kuchua ulimaliza?

Nimezunguka sana kabla ya kufika hapa, na najua umeshaona. Ni kuhusu ile picha. Bosi wangu wa studio aliiona kwenye kompyuta. Aliniita, akafungua begi langu, akatoa kitu cheusi cha plastiki chenye umbo la kikombe kisicho na kitako, akakiweka kichwani kwangu. Akaniambia nikivae mpaka saa ya kufunga, na wateja walikuwa wanaingia.

Kile kitu ni kofia ya lenzi. Wale waliosomea Kifaransa wanaita paresoleyi. Lenzi ni kioo, bibi. Jua likiigonga moja kwa moja, mwanga unaingia unarukaruka ndani, ndipo yanatokea maduara na vitone, na rangi zinapauka kama kanga iliyofuliwa kwa dawa kali. Siku ile jua lilikuwa juu kidogo tu ya kichwa chako, na kofia ilikuwa kwenye begi. Wewe ukitaka kujua ni nani anakuja kule njiani, si unaweka mkono juu ya macho? Kofia ni ule mkono. Na inalinda pia. Juzi kamera ya bosi iligonga mlango wa gari, kofia ikapasuka, lenzi ikabaki nzima.

Kwa hiyo ile nuru ni kosa langu. Nakuomba uishushe ukutani, taratibu, bila mtu kujua. Nitakupiga nyingine.

Mjukuu wako mwenye aibu,
Ilias


Jabe
23 Juni 2024

Kwa Ilias,

Salaam. Tumekula Idi vizuri. Hayat amepata kitambaa cha harusi, rangi ya maziwa, anakivaa mbele ya kioo mara nyingi mpaka kitachakaa kabla ya ndoa. Kuku ametaga mara moja akaacha, nafikiri ananidharau. Saliha sijui kama hajambo, siku hizi haji kunywa chai kwangu. Si kitu. Sukari inabaki.

Barua yako imefika. Sijaisoma mbele ya mutu.

Sikiliza, we mutoto. Unataka kuniambia mi nilikuwa sioni jua? Jua la jioni ile lilikuwa la watu wote. Lilikiwakia kigoda, likamuwakia kuku. Mbona kuku hakutoka na duara? Jibu hilo, halafu uniletee habari za vikombe visivyo na vitako.

Tena kuna mambo we huyajui. Siku ya Idi wamenikalisha kwenye zulia la mbele, sahani yangu ikawa ya kwanza, nyama yenye mafuta. Wamama wa Buterere wamekuja na watoto wao niwaombee dua mashamba ya mupunga yakauke maji ya mafuriko, na yamekauka kweli. Najua sasa ni kiangazi. Kiangazi nacho kinakuja kwa amri ya Mungu. Na yule fundi wa nyuma ya soko ameniita nisome Fatiha juu ya injini ya Toyota iliyomushinda. Nikasoma, akawasha, ikanguruma. Asubuhi alikuwa ameweka betri mupya, sikatai, lakini betri peke yake ingefanya nini.

Mi nimekaanga vitumbua kwenye mulango huu tangu baba yako anatambaa. Wanaita "mama, nifungie vinne." Hakuna mutu aliyewahi kuuliza mi naitwa nani. Sasa wananiita Bi Nuru, barabarani, wanaume wazima wanasimamisha baiskeli nipite. We unataka nishushe hiyo ku ukuta kwa sababu ya plastiki.

Harusi ni tarehe ishirini na moja mwezi wa tisa. Utakuja na kamera. Kofia ibaki huko Kigoma, uivae mwenyewe, naona ilikukaa vizuri.

Ukimuona Gaspard mwambie mafuta ya mawese aliyoniletea yalikuwa na mududu.

Mwanne, Bi Nuru


Kigoma
15 Julai 2024

Shikamoo bibi,

Gaspard anasema mdudu aliingilia Bujumbura. Mimi simo. Hapa wote wazima, bosi ameanza kunipa harusi ndogo nipige peke yangu, na jana wamenisifu.

Nimesoma barua yako nimecheka. Kuhusu kuku: alikuwa chini, kwenye kivuli cha kigoda. Samahani, uliniuliza.

Sitakubishia tena juu ya ukuta wako. Lakini kwa Hayat siwezi kukubali. Wakwe wamesema picha zitapigwa baada ya alaasiri, upande wa ziwa, jua likiwa usoni mwa kamera. Bila kofia, Hayat atakuwa wingu jeupe ndani ya nguo nyeupe, na ile rangi ya maziwa anayoijaribu kila siku haitaonekana. Yeye anataka uso wake. Hakuniomba nuru.

Bibi, umetaja jina la bibi Saliha kila barua, na mara ya mwisho umesema si kitu. Kuna nini?

Ilias


Jabe
5 Agosti 2024

Kwa mujukuu wangu mwenye akili kuliko ukoo wote,

Asalaam alaikum warahmatullah. Mi sijambo, Hayat hajambo, Spès hajambo, kuku hajambo ila hatagi. Umekonda? Nitakutumia unga.

Ile habari ya kofia umeiandika vizuri sana, nimeirudia mpaka karatasi imelainika. Mi nilikuwa nakujaribu tu kama unaijua.

Sasa sikia yaliyotokea hapa. Saliha ana mupwa wake, Seifu, dereva wa watu wa shirika kule Kinindo. Ameazima kamera ya bosi wake, akamupeleka Saliha kwenye mchanga wa ziwa jioni akamupiga foto. Ikaja. Maduara matatu. Matatu, Ilias, moja kijani, moja zambarau, moja sijui rangi gani, na kubwa kuliko langu. Ameiweka kwenye fremu ya dhahabu akaitundika ku mulango wa nje, mutu akienda kununua mukaa lazima aione. Wanawake wa darsa wakahamia kwake pamoja na maswali yao. Hata wale wa Buterere. Mi nimekaa na Fatiha yangu na hakuna injini.

Nikasema nitavumilia. Lakini wiki iliyofuata Seifu akapiga foto ya mbuzi wa Saliha amefungwa pale ku mulango, na mbuzi naye akatoka na nuru, kubwa kuliko sisi wote wawili. Nikadhani sasa watu watacheka mambo yaishe. Apana. Wakasema huyo mbuzi bila shaka ni wa kheri, asichinjwe. Mbuzi anayekula kamba. Anayekula kanga yangu ku kamba.

Hapo nikachukua kopo tupu la siagi, nikalikata kitako kwa kisu, kama ulivyoandika, kikombe kisicho na kitako. Jumapili baada ya alaasiri nikawaita wote mu lupango ya Saliha. Nikamwambia Seifu apige foto ya Saliha jua likiwa nyuma yake. Akapiga, wakaangalia pale nyuma ya kamera, nuru ipo. Nikamwambia asisogee hata kidole. Nikamuvisha jicho la kamera kopo langu. Nikasema piga tena.

Nuru hakuna. Saliha tu, na pua yake.

Pembe za foto zilitoka nyeusi, sijui kwa nini, lakini katikati ilikuwa safi mpaka ukoko wa wali ku shavu lake ulionekana. Wakapiga mbuzi, mbuzi akawa mbuzi. Nikawageukia wanawake nikawaeleza habari ya jua na kioo na kurukaruka, maneno yako yote, na mukono juu ya macho. Walinisikiliza kama mwalimu. Ungekuwepo ungejivuna.

Mambo mengine yaliyofuata hayahusiani na kofia, kwa hiyo siyaandiki.

Mwanne


Kigoma
25 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimepata unga, asante, na kilikuwemo kifundo cha tangawizi kilichojificha. Pembe zilikuwa nyeusi kwa sababu kopo ni refu, lenzi iliona kingo zake. Kila lenzi na kofia ya kipimo chake. Ungelipunguza vidole viwili ingekuwa kazi ya kiwandani.

Hayat amenipigia simu. Ameniambia yale yasiyohusiana na kofia.

Kwamba ulipomaliza kufundisha, mama Spès aliuliza kwa upole, "Na wewe, Mwanne? Si ukae tukuone." Kwamba ulisema magoti yanauma. Kwamba bibi Saliha alikuletea kigoda yeye mwenyewe, akalishika kopo mbele ya lenzi kwa mikono yake, na ikatoka picha yako mdomo wazi, unamkatalia Seifu, bila nuru yoyote. Lupango yote ikacheka, na bibi Saliha ndiye aliyecheka zaidi. Na wewe ukamwambia asikanyage tena mlango wako, ukaenda ukaishusha ile ya ukutani ukaigeuza uso chini ya godoro. Hayat anasema hukaangi vitumbua tena. Na umesema siku ya harusi utakaa jikoni, kamera isikuone.

Bibi, nilikuandikia mengi kuhusu jua na kioo, sikukuandikia jambo lenyewe. Mimi sina picha yako. Ile moja niliyokupiga ndiyo niliyobeba huku. Nikikukumbuka naitoa, naangalia wingu na kuku. Kuku namjua sasa kila unyoya. Uso wako naanza kuutafuta kichwani, na siku nyingine siupati wote, napata sauti tu inayonigombeza.

Hakuna aliyefuta nuru yako pale. Nilichofuta mimi ni uso, na ndio ninaoutaka. Nitakuja na kofia. Nikupige mara moja tu. Ukikataa, nitawapiga wakwe na chai yao na nitarudi Kigoma na kuku wangu.

Mume wako mdogo,
Ilias


Jabe
13 Oktoba 2024

Kwa mujukuu wangu Ilias,

Asalaam alaikum. Ulifika salama, Gaspard ameniambia, na ameniambia ulilala njia nzima mdomo wazi, kwa hiyo tunafanana. Hayat yuko kwa mume wake, anakuja kila Ijumaa kunionyesha jinsi anavyojua kupika, namwambia bado. Magoti yale yale.

Foto zimefika, pamoja na karatasi yako. Za Hayat zimetoka kama mutu aliyemwagiwa maziwa na kuyapenda. Wakwe wamejaa mpaka kingo.

Lakini kwanza nikugombeze, sikukugombeza vya kutosha siku ile kwa sababu ya wageni. Tangu mwezi wa sita unanihubiria kofia. Kofia hivi, kofia ni mukono, kofia inalinda. Nikakubali kutoka jikoni. Nikavaa kanga ya mauwa. Nikakaa mbele ya watu wote walionicheka, jua limelala pale juu ya ziwa, na we ukafungua begi, ukatafuta, ukamwaga kila kitu chini, ukabadilika rangi. Kofia umeiacha juu ya kitanda Kigoma. Ukaniambia nihamie kwenye kivuli. Mi nikakwambia kiti changu kiko hapa, nimetoka jikoni mara moja, sitoki mara mbili.

We ulikuwa umeinama kwenye kamera, ulimuona Saliha pale alipofika kwenye bega lako tu. Hujui ya asubuhi. Asubuhi alikuja jikoni kwangu bila salaam, bila kuitwa, akachukua mwiko upande wa pili wa sufuria la pilau, maana anajua mukono wangu haugeuzi sufuria la harusi peke yake. Tukageuza mpaka mchele ukaiva. Mi nikachochea moto, yeye akaonja chumvi. Alipoonja akaguna, nikaongeza. Basi.

Halafu jioni ile ile akaja akasimama kando ya lenzi yako, akanyoosha mukono wake wenye hina juu yake kama mutu anayetafuta mugeni barabarani. Umeniuliza kwenye karatasi yako kwa nini nimecheka namna ile, mpaka pengo linaonekana na macho yamepotea. Ni kwa sababu yake. Hukusikia, ulikuwa umefunga jicho moja na akili yote. Alisema polepole, "Mwanne, funga mdomo, nuru inatoka."

Njo hapo ukapiga.

Nimeiangalia foto hii tangu juzi. Nilikuwa sijui kwamba nimezeeka hivi, mngeniambia. Kovu la mafuta ya vitumbua ku kidevu lipo. Pengo lipo. Kunyanzi zote umezileta, hujasahau hata moja, ungekumbuka kofia namna hiyo. Lakini ni mimi. Nimekaa pale kwenye kigoda na najulikana. Spès ameiona akasema anaikumbuka sura hii kutoka kwa mama yangu, na mimi mama yangu hakuwahi kupigwa foto.

Vitumbua nimerudia. Wananiita mama Mwanne sasa, wanafungiwa vinne. Saliha anakuja jioni na sukari yake mfukoni, ameamua kunitukana kwa njia hiyo. Ile ya nuru sikuitupa, ni kazi ya mukono wako. Nimeitundika mu nyumba ya kuku. Tangu hapo anataga kila siku. Usimwambie Saliha, atapeleka yake kwa mbuzi.

Sasa hii mpya unataka kuikata, umeandika hivyo, utaisafisha ile pembe ya juu kabla ya kunitolea kubwa, maana vidole vimeingia. Usiguse. Nataka mbili, kubwa, zenye kioo, moja yangu na moja ya upande wa pili wa ukuta, kwa Saliha, na zote mbili ziwe na ule mukono, na hina yake, na pete yake iliyopinda.

Mutu akikuuliza ni kitu gani kile pembeni, mwambie hiyo njo kofia yenyewe.

Mwanne